Waliokufa Wakiokoa Waandikwe Majina Yao Hapa Mwanza

Kwenye mnara wa saa katikati ya mji wetu kuna kibao kinachomkumbuka John Hanning Speke, Mwingereza ambaye tarehe 3 Agosti 1858 alisimama kilima cha Isamilo akayaona maji ya ziwa. Watu wa hapa walikuwa wakilivua na kulivuka tangu enzi za mababu zao, lakini aliyeandikwa kwenye kibao ni yeye aliyekuja kulitazama. Sina ugomvi na kibao hicho, ni sehemu ya historia yetu na kibaki pale pale. Ninachouliza ni kingine. Mji ulioona sababu ya kumkumbuka mtu aliyelitazama ziwa, unawakumbukia wapi waliozama humo wakitafuta wengine? Unawakumbukia wapi walioingia ndani ya moshi wakati sisi tulikuwa tunakimbilia nje?

Nimekulia Mwanza na sijawahi kuonyeshwa mahali pa namna hiyo. Nazungumzia askari wa zimamoto na uokoaji waliokufa kazini, na makala hii naiandika kwa sababu naamini mahali hapo panawezekana, tena si kwa fedha nyingi. Lakini pasianze na sanamu. Paanze na majina.

Kwa nini majina? Jibu liko Igoma. Kila ikifika tarehe 21 Mei, watu wa mji huu wanawakumbuka waliokufa MV Bukoba mwaka 1996, na wengine wanafika makaburini Igoma walikozikwa marehemu wengi ambao hawakutambuliwa. Mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi utatajiwa 800, utatajiwa 1,000, na kila anayekutajia anasema kwa uhakika. Orodha ya meli ilikuwa na abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliolipa nauli ndogo, wenye mikungu ya ndizi na watoto mgongoni, hawakuandikwa popote, na kwa kuwa hawakuandikwa ndipo hesabu inapokwama hadi leo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Pale Igoma usemi huo unauma, kwa sababu wao walikuwapo.

Sasa rudi kwa zimamoto. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunalolijua leo, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na simu yake 114, linasimama juu ya sheria ya mwaka 2007. Kabla ya hapo zimamoto za mijini zilikuwa chini ya halmashauri. Maana yake ni kwamba mtu aliyefanya kazi hii Mwanza miaka ya themanini na tisini alikuwa mtumishi wa halmashauri kama karani au fundi bomba. Ukitaka jina lake leo utaanzia kwenye majalada ya zamani na kumalizia kwa wazee waliofanya naye kazi. Majalada yanaliwa na mchwa, na wazee ndio hao tunawazika kila mwaka. Hiyo ndiyo haraka yangu.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa watu hao wa halmashauri. Ninachokumbuka zaidi si king'ora wala gari jekundu, ingawa vyote tulivikimbilia kama watoto wengine. Nakumbuka mipira ya maji. Ile ya zamani ilikuwa ya turubai, na turubai likikunjwa na unyevu linaoza, kisha siku ya siku linapasuka maji yakiwa na presha na mtu yuko ndani ya nyumba. Kwa hiyo walipotoka kwenye moto, wakiwa bado weusi usoni, kabla ya chai na kabla ya kunawa, walikuwa wanaitandaza mipira uani, wanaiosha kwa brashi, wanaipitisha mkononi futi kwa futi wakitafuta palipochubuka, kisha wanaivuta juu ining'inie ikauke. Nilimwona baba mdogo akisimama ghafla, akirudisha kidole nyuma inchi chache, akipapasa mahali ambapo mimi sikuona kitu. Akaweka alama ya chaki. Alikuwa hajala tangu usiku.

Watu hawa mji wetu umewasema sana. "Wanakuja moto umeshakula kila kitu." "Gari halina maji." Kila mkazi wa Mwanza ameshasikia au ameshasema maneno hayo, na penye ucheleweshaji wa kweli wananchi wana haki ya kulalamika. Ila hili la maji lina hesabu yake. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, dakika kumi tangi limekwisha, na ukifungua mipira miwili ni dakika tano. Gari halikuja tupu, limemwaga maji yake yote mbele ya macho yetu na sasa linahitaji bomba la barabarani au boza la kulijaza. Kama bomba limejengewa kibanda juu yake, gari litaondoka kwenda kujaza, na umati utapiga kelele kwamba wanakimbia.

Halafu kuna milima yetu. Anayeijua Mabatini, Igogo, Bugarika au upande wa juu wa Isamilo anajua kwamba kuna nyumba ambazo hata jeneza linateremshwa kwa zamu, watu wakipokezana kutoka jiwe hadi jiwe. Gari la zimamoto linaishia chini. Kinachopanda ni binadamu, na mpira begani, na mtungi wa hewa mgongoni kama upo, usiku, kwenye vichochoro vyenye nyaya za umeme zilizoning'inia kichwani na mitungi ya gesi ndani ya vyumba ambavyo hajui viko wapi. Huko mjini kuna Makoroboi na soko la mitumba la Mlango Mmoja, nguo juu ya nguo na mbao juu ya mbao. Moto wa marobota ya mitumba haufi ukimwagiwa maji juu, unabaki ndani ukifuka, na lazima mtu aingie alifungue robota moja moja kwa mikono.

Mwaka 1998, tarehe 2 Desemba, askari watano wa kujitolea wa zimamoto waliuawa na moto wa msituni huko Linton, jimbo la Victoria nchini Australia. Upepo uligeuka ghafla, moto ukalifunika gari lao. Walikuwa njiani kwenda kujaza maji. Kutokana na vifo vyao ndipo ilipozaliwa siku ya kimataifa ya zimamoto inayoadhimishwa tarehe 4 Mei, na utepe wake wa rangi mbili, nyekundu ya moto na buluu ya maji. Nilipolijua jambo hilo la kujaza maji nilikaa nalo muda mrefu, nikiwaza ni mara ngapi gari letu limeondoka kwenda kujaza huku likizomewa.

Mzee mmoja aliyefanya kazi na baba mdogo, sasa mstaafu, anaishi Nyakato. Nilimfuata baada ya msiba wa mwenzao mwingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilipomtajia, alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na kauntabuku lenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Nilidhani ataniambia habari za moto mkubwa wa mwaka fulani. Alifungua akaanza kunisomea zamu. Zamu ya kwanza: dereva, wa pampu, wa nozeli, wa nyuma yake, wa ngazi. Zamu ya pili vile vile. Hakuweza kunitajia watu kwa herufi wala kwa mwaka wa kuajiriwa. Aliwakumbuka kwa nani alishika nini na nani alisimama nyuma ya nani. "Huyu alikuwa nyuma yangu," alisema, kidole kikiwa juu ya jina, na niliona kwamba kwake hiyo inatosha kumweleza mtu.

Pembeni ya baadhi ya majina kulikuwa na msalaba wa kalamu nyekundu, na baada ya msalaba neno moja tu. Ukuta. Maji. Umeme. Na mara nyingi kuliko yote: kifua.

Nilimuuliza kama hawa wa kifua nao walikufa kazini. Akanitazama kwa mshangao. "Sasa huo moshi waliuvutia wapi, nyumbani kwao?"

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli wa kumbukumbu yoyote ya zimamoto, na wenzetu waliotangulia wameupitia. Aliyeangukiwa na ukuta hana ubishi. Aliyezama akitafuta mwili hana ubishi. Lakini aliyekohoa miaka kumi na tano baada ya kustaafu? Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza, yaani kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. New York ilipoteza askari 343 wa zimamoto siku moja, tarehe 11 Septemba 2001. Vumbi na moshi wa pale uliendelea kuwaua wenzao polepole, na ilipofika Septemba 2023 waliokufa kwa maradhi yaliyotokana na siku ile walikuwa wamefikia idadi hiyo hiyo, 343. Mji ungeandika wale wa siku ya kwanza tu, ungekuwa umeandika nusu.

Kwa hiyo msimamo wangu naueleza wazi: wa kifua waandikwe. Najua patakuwa na maswali, kwamba huyu alikuwa anavuta sigara, kwamba yule alikuwa na TB. Iundwe kamati ndogo yenye daktari, mstaafu na mtu wa familia, wakae wasikilize kila jina. Penye shaka, shaka imfae marehemu. Jiwe halilipi fidia wala pensheni. Halimpunguzii yeyote chochote.

Na nina wengine ninaowaombea nafasi. Ziwa letu lina desturi yake: chombo kikizama, wanaofika kwanza ni wavuvi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Wa mwanzo kuwavuta watu majini walikuwa wenye mitumbwi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 iliangukia ziwani Bukoba, ikabaki mkia nje, na watu 19 wakafa. Kijana mvuvi wa dagaa, Majaliwa Jackson, alifika na kasia akasaidia kufungua mlango wa nyuma, kisha akaenda upande wa marubani akaumia huko na kuzinduka hospitalini. Baadaye serikali iliagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni jambo jema sana, nalo linanipa hoja. Kama mvuvi aliyeokoa na kupona anastahili sare, basi mvuvi aliyekufa akiokoa anastahili mstari mmoja kwenye jiwe. Asiitwe askari, maana hakuwa. Aandikwe alivyokuwa: mvuvi wa mwalo fulani, alikufa akiokoa.

Kuhusu namna ya kuandika, mzee wa Nyakato alinimalizia mjadala bila kujua. Kwenye kumbukumbu ya New York majina hayakupangwa kwa herufi. Askari wa zimamoto wamewekwa pamoja na wenzao wa kituo kimoja, na ndugu waliulizwa nani akae karibu na nani. Kauntabuku la mzee limepangwa hivyo hivyo. Nataka jiwe letu lifuate kauntabuku: zamu kwa zamu, dereva na wa pampu na wa nozeli, mtu na aliyekuwa nyuma yake. Cheo kikiwekwa, kiwe herufi ndogo baada ya jina.

London nako kuna la kujifunza. Karibu na kanisa kuu la St Paul's ipo sanamu ya shaba ya askari watatu wa zimamoto, kazi ya mchongaji John W. Mills, iliyozinduliwa tarehe 4 Mei 1991 kwa ajili ya waliokufa katika mabomu ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 2003 iliinuliwa juu zaidi ili yaongezwe majina ya waliokufa wakati wa amani. Kwenye kitako chake wako pia wanawake waliokufa katika huduma hiyo. Nalipenda jambo hilo la kuinua jengo ili kupata nafasi, maana linaonyesha kwamba waliojenga mwanzo waliona ufinyu wao na wakatengeneza. Sisi tuache nafasi tangu mwanzo, na wanawake tusiwasubirishe. Wapo kwenye jeshi hili, wapo wanaopokea simu za usiku wakisikia mtu anaungua upande wa pili.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mji wa Chernobyl, Ukraine. Kumbukumbu ya waliokwenda kuuzima mtambo wa nyuklia uliolipuka Aprili 1986 haikutengenezwa na msanii mkubwa. Askari wa zimamoto wenyewe waliijenga, kwa saruji, na ikasimamishwa mwaka 1996, mwaka ule ule wa MV Bukoba yetu. Ukiangalia picha zake utaona watu wazito, mabega mapana, mmoja amekaza mpira, uso hauna umaridadi wowote. Imetoka mikononi mwa watu wanaojua mpira unavyovuta bega.

Kwa hiyo anayesema tusubiri bajeti, namwelekeza huko. Mwanza mawe hatununui nje. Mji mzima umekaa juu ya granaiti, na tunao wapasua mawe wanaowasha moto juu ya mwamba mpaka ukaachia, kisha wanaugonga kwa nyundo. Hao ndio mafundi wa kuanza nao. Jiwe moja pana, upande mmoja umesawazishwa, majina yamechongwa ndani badala ya kupakwa rangi, maana rangi kwa jua na upepo wa ziwa haimalizi miaka mitatu.

Mahali nako pasikosewe. Kuna watakaopendekeza ndani ya ua wa kituo. Nawaheshimu, ila mama wa Igoma aliyekwenda kusoma jina la mwanawe asianze kueleza shida yake kwa mlinzi getini. Wengine watataka kipilefti, katikati ya magari, na huko hakuna asomaye, daladala zinazunguka tu. Mimi nataka ufukweni, karibu na gati la Kamanga, ambako kila siku watu wanasubiri kivuko. Mtu anayesubiri anasoma. Anasoma bango la nauli, anasoma tangazo la mganga, atasoma na jiwe. Na mtoto aliye naye atauliza "kifua" maana yake nini, kwa sababu ningependa yale maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyaandika yeye, neno moja baada ya kila jina.

Taifa letu linajua kukumbuka. Tarehe 25 Julai kila mwaka ni Siku ya Mashujaa, na huku Kanda ya Ziwa tunayo makaburi ya Kaboya, Muleba, wanakolala askari wa vita vya Kagera. Sioni sababu ya kumweka mbali nao mtu aliyekufa ndani ya nyumba inayowaka pale Igogo akimtafuta mtoto asiyemjua. Siku yetu iwe 4 Mei, na ikipendeza ipite Igoma kabla ya tarehe 21 ya mwezi huo huo.

Kwa sasa kazi iliyopo ni ya daftari. Mzee amekubali kauntabuku lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, lenyewe libaki kwake. Kila jina linahitaji mambo manne: jina kamili kama ndugu wanavyolitamka, kituo au mwalo, mwaka, na alikufaje. Ndugu lazima waridhie kabla ya chochote kuchongwa. Ipo familia moja iliyosema haitaki, na jina lao halitaandikwa. Tunawahitaji hasa waliofanya kazi na zimamoto ya uwanja wa ndege, madereva wa maboza, na wajane waliohamia Sengerema, Magu na Ukerewe baada ya mazishi. Wenye kumbukumbu hizo wengi ni wazee wa Nyakato, Igoma na Buhongwa. Tunawafuata nyumbani siku za Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na anayeweza kutuongoza hadi kwa mmoja wao aongozane nasi.